Kutoka Dar hadi Kimondo: Safari na Darubini, Septemba 2025

Jumatatu, 1 Septemba. Dar es Salaam – Morogoro

Tumetoka Dar kabla ya alfajiri ili tupite Kimara na Kibaha barabara haijajaa. Noah ya kukodi imetubeba mimi, mwalimu mwenzangu wa baiolojia na dereva. Viti vya nyuma vimelazwa kupisha darubini ya kioo cha inchi sita, turubai, boksi la vipimapembe vya plastiki, sumaku zilizochomolewa kwenye spika mbovu, na pakiti kadhaa za krispi ambazo mwenzangu amepiga marufuku zisiliwe kabla ya Iringa.

Jumapili usiku mwezi utapatwa wote, na Tanzania nzima itaona tangu mwanzo hadi mwisho. Tunataka usiku huo utukute Mbozi, kando ya kimondo, pande la chuma lililoanguka kutoka angani. Njiani tutasimama shuleni na sokoni, popote watakapotupokea. Utaratibu wetu ni mmoja: hatuanzi na jibu, tunaanza na swali la aliye mbele yetu. Nimefundisha fizikia miaka ya kutosha kujua kwamba jibu la swali ambalo mtu hajaliuliza haliishi kichwani mwake.

Chalinze tulifunga spika juu ya gari. Kampeni za uchaguzi zimeanza wiki iliyopita, kwa hiyo watu walisogea kujua tunamnadi nani. Tukawaambia tumekuja kutangaza habari ya mwezi. Wengi walibaki. Muuza machungwa mmoja, kijana tu, alisikiliza maelezo yangu kwamba mwezi hupatwa dunia inapokaa katikati na kuukinga na jua, kisha akasema: "Mwalimu, kama ni hivyo, mwezi mpevu si uko kila mwezi? Mbona haupatwi kila mwezi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na kwenye vitabu vingi vya shule linarukwa. Nilimwomba sinia lake. Chungwa kubwa katikati likawa dunia, ukingo wa sinia ukawa njia ya mwezi. Sinia likilala sawasawa, kila mzunguko mwezi unapita ndani ya kivuli. Nikaliinamisha kidogo, maana njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi kama 5 ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua. Sasa mara nyingi mwezi mpevu unapita juu ya kivuli au chini yake, na hukutana nacho vipindi vichache tu katika mwaka. Kijana akalichukua sinia, akaliinamisha mwenyewe upande huu na ule, na wateja wake wakawa wanamsikiliza yeye. Sisi tukanunua machungwa tukaendelea na safari.

Jumanne, 2 Septemba. Morogoro

Asubuhi tumeongozana na wanafunzi wa sekondari kuwaona panya buku wa APOPO, shirika linalofanya kazi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Panya hawa hufundishwa kunusa baruti ya mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akawa panya wa kwanza kupewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2, mdogo mno kulipua bomu kwa kulikanyaga.

Wanafunzi waliyajua hayo kiasi. Kilichowashika ni swali la msichana wa kidato cha pili: "Panya anajuaje kwamba hii ni TB na siyo makohozi ya kawaida?" Mwenzangu alisubiri wenyewe wabishane kwanza. Halafu akawaeleza kwamba panya hajui TB ni nini. Anachokijua ni harufu ambayo kila alipoisimamia wakati wa mafunzo, ulisikika mlio mdogo na ikafuata ndizi. Bakteria wa kifua kikuu hutoa kemikali zinazopaa hewani, na pua ya panya buku inazitofautisha. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huihitaji siku kadhaa. Na bado anachokionyesha panya huhakikiwa tena maabara. Hapo msichana akauliza kwa nini kihakikiwe kama panya ni hodari hivyo, na mjadala wa kukosea kwa vipimo ukaendelea hadi saa ya chakula. Sijawahi kuona somo la uhakika wa vipimo likipendwa hivi ubaoni.

Jioni shuleni tulitengeneza kifaa cha kupimia urefu wa mwezi angani: kipimapembe, mrija wa soda uliogandishwa kwenye ukingo wake ulionyooka, uzi, na nati ya baiskeli ya kuuvuta uzi chini. Unautazama mwezi kupitia mrija, mwenzako anasoma uzi umeangukia nyuzi ngapi. Tumekubaliana na mwalimu wao kwamba Jumapili saa 2:30 kamili usiku, dakika ambayo mwezi utazama wote kivulini, watapima na kutuma namba. Tutaomba hivyo kila tutakapolala.

Kisha darubini. Mwezi ulishapita nusu, na kwenye mpaka wa mwanga na giza mashimo yalionekana yana kina. Niliwaonyesha shimo la Copernicus, upana wake kilomita 93, ambalo kuta zake ukizianzia Dar zitakufikisha karibu na Chalinze. Mlinzi wa shule alitazama zaidi ya kila mtu.

Jumatano, 3 Septemba. Morogoro – Iringa

Mikumi tumepita bila kusimama. Twiga walikuwa pembeni mwa lami na dereva alipunguza mwendo kwa heshima yao. Baada ya Ruaha Mbuyuni na mibuyu yake, Kitonga ikaanza. Malori yalikuwa yanapanda taratibu, kona kwa kona, na hapo mwenzangu akazitoa zile pakiti za krispi akazipanga kwenye dashibodi.

Zilipotoka Dar zilikuwa laini, unaweza kuzibonyeza. Katikati ya mlima zilikuwa zimevimba. Mjini Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, zilikaza kama ngoma. Dereva, ambaye ameipita njia hii tangu ujana wake, alisema amewahi kuona pakiti zikipasuka kwenye mzigo na siku zote alidhani ni joto. Tukamuuliza: kama ni joto, mbona Iringa kuna baridi kuliko Dar? Akanyamaza kona mbili tatu. Halafu akasema, "Basi siyo kwamba ndani kumeongezeka. Nje ndiko kumepungua."

Nimeiandika sentensi hiyo kama alivyoisema. Hewa iliyofungwa ndani ya pakiti ilipakiwa bondeni. Huku juu hewa ya nje ni nyepesi, inasukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo ile ya ndani inatanua ukuta wake. Sababu hiyohiyo hufanya maji Iringa yachemke kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na mama lishe aliyetuuzia wali jioni alilithibitisha bila kipimajoto: alihama kutoka Tanga, na maharage yake huku yanamlia mkaa mwingi zaidi.

Alhamisi, 4 Septemba. Iringa

Leo nilitaka kusimama Mkwawa, na nimesimama. Sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, lakini katika miaka ya 1960 ilikuwa sekondari, na mwanafunzi mmoja wa hapo aliuliza swali ambalo dunia ya fizikia bado haijalifunga.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, mwaka 1963, wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi kwenye jokofu ilikuwa ndogo, akaingiza mchanganyiko wake ungali wa moto. Uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni "fizikia ya Mpemba", na darasa likawa linamcheka. Kisha alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, kutoa mhadhara. Mpemba akanyanyuka na kumuuliza kwa nini maji yaliyoanzia nyuzi 100 yanaganda kabla ya yaliyoanzia 35. Wenzake wakacheka tena. Osborne alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Watu husimulia kisa hiki kumsifu Mpemba, na anastahili. Mimi namsifu vilevile Osborne, kwa kwenda kupima kabla ya kumwambia kijana wa shule kwamba haiwezekani.

Wanafunzi wa sekondari waliotupokea jana waliomba friji ya duka la jirani usiku kucha. Vikombe vinavyofanana, maji ya kiasi kimoja, moto upande huu na ya bomba upande ule. Asubuhi walikuwa wamegawanyika. Kundi moja lilisema maji ya bomba yameshinda, kwa kuwa barafu ya kwanza ilionekana humo. Kundi jingine lilisema mshindi ni ya moto, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa magumu yote mapema. Wakazozana hadi mmoja akagonga meza: "Tuambiane kwanza kuganda ni nini! Kuanza au kumaliza?"

Wanasayansi wenye maabara za mamilioni wamegombana kwa jambo hilohilo. Kuna wanaosema maji ya kawaida hayaonyeshi kabisa tabia hiyo ukipima kwa uangalifu, na kuna waliopata inayofanana nayo kwenye mifumo mingine. Ubishi wa Iringa ulikuwa ubishi wa kweli wa sayansi, na nilitoka pale nimejaa furaha.

Mchana Isimila: nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na chini yake mashoka ya mawe ya mkononi ya takribani miaka 260,000 iliyopita. Jua kali, muda mfupi. Mtoto wa mwenyeji wetu alilitazama shoka, akauliza kama aliyelichonga alitumia mkono wa kulia au wa kushoto. Watafiti huliuliza hilo pia, na hulitafuta kwenye alama za mapigo ya jiwe.

Ijumaa, 5 Septemba. Iringa – Rujewa

Mafinga na misitu yake, Makambako na upepo wake, kisha kushuka hadi Igawa na kuingia Rujewa, nchi ya mpunga. Shule zimefungwa leo kwa likizo fupi na nilihofu hatutapata watu. Wamekuja wengi kuliko popote, kwa sababu Rujewa ina kumbukumbu yake.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa hapa likabaki pete. Maelfu walisafiri kuja Mbarali kuliona, wanafunzi, watalii na wanasayansi, akiwamo Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia Watanzania habari za anga. Mzee mmoja alitusimulia jinsi mwanga ulivyofifia kabla ya adhuhuri, ubaridi ukaingia, na chini ya mti wake vivuli vya majani vikajaa vipete vidogo vya mwanga. Nilimwambia, "Shikamoo tena, mzee," maana alichokiona chini ya mti ni kitu ambacho wengi waliokuwa na miwani maalumu walikikosa. Kila tundu kati ya majani lilikuwa linatupa picha ya jua ardhini, na jua siku hiyo lilikuwa pete.

Akauliza kwa nini mwezi haukulifunika lote. Kwa sababu njia ya mwezi si duara kamili. Siku hiyo ulikuwa mbali kidogo, ukaonekana mdogo kuliko jua. Tulisambaza sarafu za shilingi 200 watoto wazitumie kufunika taa ya mbali kwa jicho moja, wakisogeza mkono mbele na nyuma hadi pete itokee. Kelele zilipotokea, tulijua imetokea.

Na kwa nini watu walilazimika kuja hadi Rujewa wakati ule, ilhali keshokutwa kila mtu ataona akiwa kwake? Kivuli cha mwezi kilichogusa dunia mwaka 2016 kilikuwa mkanda wa kilomita kama 100 tu. Jumapili ni mwezi wenyewe utakaoingia gizani, na giza hilo liko kwake, si kwetu. Yeyote anayeuona mwezi ataliona kwa dakika ileile.

Jumamosi, 6 Septemba. Rujewa – Mbozi

Saa 11 na nusu hivi alfajiri, mwezi ndio umezama, anga bado jeusi. Tulikuwa na watu wachache na chai. Sayari ya Zuhura ilikuwa inang'aa mashariki, sayari ya Mshtarii juu yake, na kwenye darubini miezi yake minne ilikuwa imejipanga mstari, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, mzaliwa wa pwani, hakuhitaji darubini. Alinyoosha kidole kwenye kundi la nyota juu na kusema, "Kilimia kile." Akatoa usemi wa kwao: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Nikamuuliza mwaka huu kilizama lini. Mwezi wa tano, akasema, masika bado. Kikazuka? Mwezi wa sita, kiangazi. Huo ni uchunguzi wa anga wa vizazi, umehifadhiwa kwenye sentensi moja. Kilichokuwa kinaificha Kilimia ni jua, kwani dunia katika mwendo wake wa mwaka ilikuwa imefika mahali ambapo jua na Kilimia viko upande mmoja. Mwanga wa Kilimia tunaouona umesafiri takribani miaka 440. Ulipoondoka huko, Wareno walikuwa bado hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Mama alisema ataanza kuandika tarehe.

Mbeya tumekula tu. Jioni tuko Mbozi.

Jumapili, 7 Septemba. Ndolezi, Mbozi

Kimondo cha Mbozi ni pande la chuma la urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Mpima ardhi mmoja aliandika taarifa zake mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakikijua kabla ya hapo. Wakati huo kilionekana sehemu ya juu tu. Udongo ulichimbwa kukizunguka, kikabaki kimesimama.

Asubuhi niliwapa watoto sumaku za spika bila kusema neno. Sumaku zikanata. Wakajaribu jiwe la pembeni, halikunasa. Wakarudi kwenye kimondo. Hapo ndipo maswali yalipokuja: nani alikiyeyusha? Kwa nini hakina kutu nyingi? Shimo lake liko wapi? Takribani asilimia 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli, na mchanganyiko kama huu hutokana na magimba madogo yaliyoyeyuka mapema kabisa katika historia ya mfumo wa jua, zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita, chuma kikazama katikati, kisha yakagongana na kuvunjika. Chuma kama hicho kiko katikati ya dunia yetu pia, lakini hakuna atakayekifikia. Hapa unakishika kwa kiganja. Shimo halionekani, na wanafunzi wawili walitoa maelezo mazuri bila msaada: mvua ya muda mrefu imelifukia, au kilianguka kwa mlalo.

Usiku uwanja ulijaa. Saa 1:27 ukingo wa mwezi, ungali chini upande wa mashariki, ulianza kuliwa. Tuliwagawia karatasi wachore umbo la kivuli kila baada ya dakika kumi. Michoro yote ilikuwa na upinde. Mvulana alisema kivuli cha sahani nacho kina upinde. Nikampa sahani na tochi. Aliigeuza ubavu, kivuli kikawa mstari, akasema mwenyewe kwamba basi ni tufe tu linalotoa upinde kila upande.

Saa 2:30 kamili vipimapembe vilielekezwa juu. Namba zikaanza kuingia kwa simu: Morogoro 31, Iringa 29, Rujewa 27, na sisi 26.

Mwezi ukawa mwekundu, rangi ya udongo wa Mbozi wenyewe. Niliwaambia wafikirie wamesimama kwenye mwezi wanaitazama dunia: wangeona duara jeusi limezungukwa na mwanga mwekundu, mawio na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja, na mwanga huo uliopinda hewani ndio uliokuwa unaupaka mwezi. Zohali ilikuwa chini yake kidogo. Mwaka huu pete zake zimetuelekea kwa ukingo, zinaonekana mstari mwembamba tu.

Waislamu waliokuwapo walikwenda kuswali sala ya kupatwa kwa mwezi na kurudi. Mzee wao aliwakumbusha vijana kwamba Mtume alisema jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kulikuwa na bibi aliyekuja na hofu ya balaa, na maneno hayo yalimtuliza kuliko yangu yote. Akaja kutazama kwenye darubini.

Jumatatu, 8 Septemba. Mbozi

Kabla ya kuondoka tulibandika ramani ukutani. Mwezi ulikuwa mashariki, kwa hiyo tulipima umbali wa mashariki hadi magharibi pekee kati ya Morogoro na hapa: kilomita 510 hivi. Saa moja, mwezi mmoja, lakini urefu umetofautiana nyuzi 5. Kama dunia ingekuwa bapa, mwezi ulio mbali namna ile ungeonekana kwa urefu uleule kote. Basi nyuzi 5 ni kilomita 510, nyuzi moja ni 102, na nyuzi 360 ni kilomita 36,720. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi.

Walipiga makofi. Msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye mtihani wake wa mwisho ni wiki hii hii, hakupiga. Alisema uzi wao ulikuwa unacheza na upepo, huenda ilikuwa 26 na kidogo. Akaandika 4.6 mahali pa 5, akagawanya, akazidisha, akapata karibu 39,900.

Mwalimu wake alimwambia hawezi kuchagua kosa kwa sababu tu linampa jibu zuri. Akakubali. Akauliza kipimapembe cha mbao cha upana wa mita moja kitagharimu kiasi gani, na jua litapatwa na kubaki pete lini tena huku kusini. Tarehe 21 Mei 2031, nikamwambia. Seremala yuko jirani na shule. Tulipowasha gari walikuwa wanaelekea kwake.